Usipitie kwa Kiingereza: "temps", "heure", "fois" na ndugu zao

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili wa Kifaransa, na Kiingereza nimekisoma tangu utotoni. Juzi nimerudishiwa insha ikiwa na mistari mitatu myekundu. Niliandika 'J'ai lu ce livre trois temps', nikaandika 'Quel temps est-il ?', na mwishoni nikaandika 'J'ai eu un bon temps'. Nilipofungua kamusi ya Kiingereza na Kifaransa, chini ya 'time' nikakuta maneno chungu nzima, kila moja na mfano wake. Nachaguaje? Halafu jambo la mwisho: rafiki yangu tunayeandikiana huniaga 'À tout à l'heure'. Sijui ana maana ya sasa hivi au baadaye."

Marahaba, ndugu yangu. Makosa yako matatu nimeyapenda, maana yote yametoka shimo moja. Wazo lilikujia kwa Kiswahili, ukaligeuza Kiingereza kichwani, ndipo ukalipeleka kwenye Kifaransa. Huko katikati ndiko mambo yalikoharibikia. Hebu rudi nyuma ujiulize ulitaka kusema nini. Kitabu umekisoma mara tatu. Ulitaka kujua ni saa ngapi. Na siku ile ulifurahi. Mara, saa, kufurahi: vitu vitatu, wala havifanani. Ulipofika kwenye Kiingereza vyote vikatumbukia kapu moja linaloitwa "time", na ulipoingiza mkono kuvitoa ukaibuka na "temps" kila safari.

Sasa tazama Kifaransa: mara ni "fois", saa ni "heure", na kufurahi ni kitenzi kisichotaja wakati hata kidogo. Ni mgawanyo uleule uliokuwa nao tangu mwanzo. Kwa hiyo ushauri wangu ni huo ulioko kwenye kichwa cha habari. Katika jambo hili Kiswahili kinakufikisha karibu kabisa na Kifaransa, na Kiingereza kinakuzungusha.

Sikidharau Kiingereza kwa kusema hivyo. Mwaka 2006 watu wa kamusi za Oxford walipopekua mkusanyiko wao mkubwa wa maandishi, walikuta nomino inayotumika kuliko zote katika Kiingereza ni "time". "Person" ikawa ya pili na "year" ya tatu. Unaweza kuona hapo jamii inayohangaishwa na saa zake. Mimi naona neno lililobebeshwa mizigo ambayo lugha nyingine zimewagawia wapagazi watano au sita.

Tuanze na "fois", kwa sababu ndilo jepesi. Popote unaposema mara kwa maana ya kuhesabu, Mfaransa husema "fois". Mara moja, "une fois". Mara ya kwanza, "la première fois". Kila mara, "chaque fois". Mara hii, "cette fois". Hata hesabu za kuzidisha zinakubali: tatu mara nne ni kumi na mbili, "trois fois quatre font douze". Kubwa mara tatu zaidi ni "trois fois plus grand", ila hiyo "plus" usiisahau. Sisi tunaweza kusema kubwa mara tatu na tukaeleweka, yeye hawezi kuiacha.

Neno hili limetokana na Kilatini "vices", lenye maana ya zamu. Mzizi wake ndio uliomo ndani ya "vice versa", na ndani ya ile "vice" ya makamu wa rais, mtu anayeshika zamu ya mwenzake. Ukilikumbuka kama zamu hutalichanganya tena na muda unaopita. Herufi ya "s" mwishoni ni ya asili, kwa hiyo ipo hata kwenye umoja, ingawa haitamkwi. Ukiisahau unaandika "foi", yaani imani. Ukiweka "e" badala yake unapata "foie", yaani ini. Yote matatu hutamkwa vilevile, kitu kama "fwa", na kusini mwa Ufaransa kuna mji wa Foix unaotamkwa hivyo hivyo. Sikio halitakusaidia hapo. Itabidi jicho lizoee.

Hadithi za watoto huanza na "Il était une fois", pale ambapo sisi tunasema hapo zamani za kale. Ukilichambua neno kwa neno ni kama "palikuwa na mara moja". Na ukiisha kulijua "fois" utaligundua limejificha kwingi: "parfois" na "quelquefois" ni mara nyingine, "autrefois" ni zamani, "toutefois" ni hata hivyo. "À la fois" ni kwa pamoja, kama mtu anayecheka na kulia "à la fois". Wakikuambia muingie "un à la fois", maana yake ni mmoja mmoja.

Sasa niwe mkweli, maana ningekuambia mara ni "fois" siku zote ungenirudia na mistari mingine myekundu. Kuna vishazi viwili ambavyo sisi tunatumia mara na wao wanatumia "temps": "de temps en temps", yaani mara moja moja, na "la plupart du temps", yaani mara nyingi au muda mwingi. Hivyo viwili vikariri tu. Halafu mara yetu ina kazi nyingine ambazo "fois" haizijui. "Njoo mara moja" si "viens une fois". Ni "viens tout de suite". "Mara mlango ukafunguka" ni "soudain". Na mara nyingi kwa kawaida ni "souvent", mara chache ni "rarement", bila "fois" yoyote. Kipimo ni kile kile: je, unahesabu? Kama huhesabu, achana na "fois".

"Heure" inahitaji tukae kidogo. Ni saa, na kama saa yetu, inabeba mambo mawili: urefu wa dakika 60 na alama kwenye uso wa saa. "Une heure" inaweza kuwa muda wa saa nzima, na inaweza kuwa saa saba, kwa hesabu yetu. Hapo ndipo penye mtego, nami niliwahi kunaswa. Nilipokuwa kijana ninaanza ukalimani, mwenyeji alisema kikao ni saa mbili asubuhi, nami kwa haraka nikamwambia mgeni Mfaransa "à deux heures". Watu walikaa vitini tangu saa mbili. Mgeni akatokea saa nane mchana, kavaa nadhifu, akashangaa ukumbi mtupu. Saa sita za kuchelewa, na kosa halikuwa lake. Tangu siku hiyo sitamki "heures" kabla ya kuongeza sita kichwani: saa moja asubuhi ni "sept heures", saa kumi jioni ni "seize heures", saa nne usiku ni "vingt-deux heures". Saa sita ina majina yake yenyewe, "midi" ya mchana na "minuit" ya usiku.

La kuchekesha ni kwamba babu wa neno hili alihesabu kama sisi. "Heure" ni Kilatini "hora", nacho Kilatini kililichukua kwa Wagiriki. Warumi waliugawa mchana wao sehemu kumi na mbili kuanzia jua linapochomoza, na "hora sexta", saa ya sita, ikaangukia jua la utosi. Saa sita mchana, neno kwa neno. Wahispania wakaipata "siesta" kutoka hapo, na Wafaransa wakaiazima kama "sieste": kulala kwa mchana kunaitwa saa sita. Watawa wa Ufaransa nao sala zao za mchana waliziita Prime, Tierce, Sexte na None, yaani ya saa moja, ya saa tatu, ya saa sita na ya saa tisa. Ukizisoma kwa saa za Kiswahili hesabu inakaa sawa. Na "noon" ya Waingereza ni hiyo hiyo saa tisa, "nona", iliyosogea nyuma karne baada ya karne hadi ikatua saa sita. Kwa hiyo Mfaransa akikucheka kwa kuanza kuhesabu saa asubuhi, mwambie amuulize mtawa.

Turudi kwenye kazi. Chukua filamu moja na maswali matatu. "À quelle heure commence le film ?" Inaanza saa ngapi? "Combien de temps dure le film ?" Inachukua muda gani? "Combien de fois as-tu vu ce film ?" Umeiona mara ngapi? Saa, muda, mara. "Heure", "temps", "fois". Ukiyafunga maswali haya matatu kichwani pamoja na filamu yake, umemaliza nusu ya tatizo. Yasome kwa sauti mpaka ulimi uyazoee.

Jaribu pia kumsimamisha mtu njiani. "Vous avez l'heure ?" ni kumwomba akutajie saa. "Vous avez le temps ?" ni kumuuliza kama ana nafasi, na anaweza kukutazama kwa mashaka, akijiuliza unataka kumwambia nini kirefu hivyo. Kwa Kiingereza tofauti ya maswali hayo mawili imening'inia kwenye kineno kimoja, "the". Kwa Kiswahili hakuna awezaye kuyachanganya.

Kuna jozi nyingine inayowasumbua hata walioendelea: "à l'heure" na "à temps". Ukifika kazini "à l'heure", umefika saa iliyopangwa. Ukifika "à temps", umewahi kabla jambo halijaharibika, hata kama hapakuwa na saa yoyote iliyopangwa. Nyumba ikishika moto, "les pompiers sont arrivés à temps", wazima moto wamewahi. Hakuna aliyewapa miadi. Treni inafika "à l'heure" nawe unafika stesheni "à temps" kuipanda. Kitenzi chetu cha kuwahi kinaelekea upande wa "à temps" zaidi, kwa hiyo kukiwa na ratiba, simama kwanza ufikiri. Na "de bonne heure", ingawa inaonekana kama saa nzuri, ni mapema tu.

Sasa "temps" yenyewe, uliyoitumia mahali pasipo pake mara tatu. Hapa kuna utajiri. Kazi yake ya kwanza unaijua: ni muda na wakati kwa ujumla, ule unaopita, unaopotea na unaokwisha. "Je n'ai pas le temps", sina nafasi. "Perdre son temps", kupoteza muda. "Tout le temps", muda wote. "Longtemps", muda mrefu. "En même temps", wakati huohuo. Haya yanakwenda na Kiswahili bila shida.

Kazi ya pili ndiyo iliyofanya swali lako la "Quel temps est-il ?" limchekeshe aliyesahihisha. "Temps" ni hali ya hewa pia. "Quel temps fait-il ?" ni kuuliza kama kuna jua au mvua. Wewe umechukua mwanzo wa swali la hewa ukaukata mkia wake, ukaupandikiza mkia wa swali la saa. Tazama kitenzi: hewa hutaka "fait", saa hutaka "est", yaani "Quelle heure est-il ?" "Il fait beau temps", hali ya hewa ni nzuri. Na Wafaransa wakisema fulani anazungumzia "la pluie et le beau temps", yaani mvua na jua, wana maana anapiga soga tu zisizo na uzito.

Usione ajabu wakati na hewa kukaa chumba kimoja. Kilatini "tempus" kilizaa wakati, na pia kikazaa "tempestas", hali ya hewa na hatimaye dhoruba, ambayo ndiyo "tempête" ya Kifaransa. Sisi wenyewe tuna neno msimu, tulilolipata kwa Waarabu, "mawsim". Neno hilohilo likapita kwa Wareno likaibukia kwa Waingereza kama "monsoon" na kwa Wafaransa kama "mousson", pepo na mvua za majira. Na Waingereza zamani walikuwa na neno "tide" lililomaanisha wakati, ndugu wa damu wa "time". Leo limebaki hasa kwa maji kupwa na kujaa. Watu wa bahari na wakulima wameujua wakati kwa kutazama juu na kwa kutazama maji, na maneno yameshika kumbukumbu hiyo.

Kazi ya tatu ni ya darasani, na hapa tena Kiswahili kinakubeba. Shuleni tulifundishwa wakati uliopo, wakati uliopita, wakati ujao. Mfaransa naye anaita "temps", akimaanisha vitenzi. Mwingereza ana neno la pembeni, "tense", lakini ukilifuatilia asili yake ni "tens" ya Kifaransa cha kale, yaani "temps" hii hii kabla wasomi hawajairudishia "p" ya Kilatini. Hiyo "p" haijatamkwa na mtu tangu hapo, na "s" nayo imekaa kimya. Kama ilivyo kwa "fois", umoja na wingi vinaandikwa sawa. Ndiyo maana gazeti la The Times la London, lililoanza 1785 kwa jina jingine na kuchukua jina hilo mwaka 1788, linajitangaza kwa wingi wa nyakati, na gazeti la Le Temps lililochapwa Paris kuanzia 1861 hadi 1942 linaonekana kama umoja. Ni ile "le" pekee inayokuambia.

Kazi ya nne wanafunzi wengi hawaijui, nami huifurahia kuliko zote. "Temps" ni pigo. Katika muziki, wimbo wa kuserebuka wenye mapigo matatu ni "valse à trois temps". Ukiingia gereji utalikuta tena: "moteur à quatre temps" ni injini inayokamilisha mzunguko wake kwa miendo minne ya pistoni, yaani kuvuta hewa na mafuta, kubana, kulipuka na kusukuma, kisha kutoa moshi. "Moteur à deux temps" inafanya hayo yote kwa miendo miwili, zile zenye mlio mkali zinazonyweshwa mafuta yaliyochanganywa na oili. Kiingereza hapo hakitumii "time" kabisa, kwa hiyo anayepitia huko hatafika. Uwanjani pia "temps" inazurura: "mi-temps" ni nusu ya mchezo na ni mapumziko yenyewe, na ukiitoa uwanjani ukaipeleka ofisini, "travailler à mi-temps" ni kuajiriwa nusu ya saa za kawaida. Dakika za majeruhi ni "temps additionnel". Ila ile nusu saa ya nyongeza mechi ikiwa sare inaitwa "prolongation", wala haina "temps" ndani yake.

Zamani sasa. Ukitaka kusema enzi zile, wakati ule, Kiingereza kinakupa "at the time" na mkono unakimbilia "temps". Mara nyingi linalofaa ni "époque": "À l'époque, je ne parlais pas français", wakati huo sikuwa nasema Kifaransa. Angalia kitenzi, maana kuna siri ndogo. "À l'époque" inafungua kipindi kirefu, kwa hiyo hupenda "imparfait", kama sisi tunavyosema nilikuwa nakula, nilikuwa nakaa. "Cette fois-là" inataja tukio moja lililoisha, kwa hiyo hupenda "passé composé": "cette fois-là, j'ai tout mangé", siku ile nilikula chote. Ukichagua nomino sawasawa, kitenzi kinajichagua chenyewe. "Temps" ya zamani ipo, hasa kwa wingi na kwenye misemo; pale tunaposema kila zama na kitabu chake, wao husema "autres temps, autres mœurs".

"Moment" ni fursa au kituo kifupi. Linganisha "c'est l'heure de partir", saa ya kuondoka imefika, saa inaonyesha. "Il est temps de partir", imetosha, tumeshachelewa kidogo. Na "c'est le moment de partir", sasa ndiyo nafasi, mlango uko wazi. Kwa Kiingereza yote matatu yanaweza kuwa "it's time to go". Ukimtaja mtu wa kuondoka, "il est temps que" inataka "subjonctif": "il est temps que tu partes". Kiswahili kinakusaidia hapo pia, maana nasi tunageuza kitenzi tukisema ni wakati uondoke, wala hatusemi ni wakati unaondoka.

Mwenzake wa hiyo ni "le temps que", ambayo kamusi nyingi huificha. "Le temps que je trouve mes clés, le bus était parti": hadi napata funguo, basi limeshaondoka. Ni kishazi cha kila siku, na ukikitumia vizuri watu watakuuliza ulijifunzia wapi.

Huko kamusini utakuta pia "délai", na hili linawaponza wengi kwa sababu linafanana na kuchelewa kwa Kiingereza. Ni muda uliowekewa mwisho: "dans un délai de 10 jours" ni ndani ya siku 10, wala hakuna aliyechelewa bado.

Tumefika kwenye sentensi yako ya tatu. "J'ai eu un bon temps" haisemwi. Kufurahi ni "je me suis bien amusé", na kama wewe ni mwanamke, "amusée". Kama yalikuwa mazungumzo mazuri na rafiki, tulivu, "j'ai passé un bon moment". Tabu nayo haina "temps": kupata shida kufanya jambo ni "avoir du mal à". Kufumba na kufumbua ni "en un clin d'œil", kufumba jicho kama sisi. Kwa sasa ni "pour l'instant". Na jihadhari na "faire son temps". Kiingereza kina msemo unaofanana nao kwa mtu anayetumikia kifungo. Kwa Kifaransa "cette voiture a fait son temps" ni gari lililokula chumvi nyingi, la kupumzishwa. Mfungwa "purge sa peine".

Kiswahili nacho kina mitego yake. Nafasi yetu ni ya muda na ya mahali. "Sina nafasi" ya mtu mwenye shughuli ni "je n'ai pas le temps", ya gari lililojaa ni "je n'ai plus de place". Saa ya mkononi si "heure" bali ni "montre", na ya ukutani ni "pendule" au "horloge". Na wakati ikiwa kiunganishi, kama wakati ninapika, usitafute nomino: ni "pendant que".

Namna ya kutumia kamusi basi. Usitafute "time". Andika kwanza sentensi yako kwa Kiswahili pembeni ya daftari, uone neno lililojitokeza ni mara, saa, muda, enzi, fursa au hakuna kabisa. Ndipo ufungue kamusi upande wa Kifaransa, "fois" au "heure", usome mifano yake. Kazi ya dakika moja.

Na rafiki yako wa "À tout à l'heure": anamaanisha baadaye, leo hii hii, mtaonana au mtaandikiana tena kabla siku haijaisha. Kinachochanganya ni kwamba "tout à l'heure" inaangalia pande zote mbili. "Je l'ai vu tout à l'heure", nimemwona muda si mrefu uliopita. "Je le verrai tout à l'heure", nitamwona baadaye kidogo. Ni tabia ya sasa hivi yetu: ametoka sasa hivi, nakuja sasa hivi. Kitenzi ndicho kinachoonyesha upande. Ile "à" ya mbele, kwenye kuagana, huelekea mbele daima. Akikuandikia hivyo saa tano usiku, jibu "à demain" ukalale.